Jinsi ya Kupata Nadharia Yako Mwenyewe Kati ya Ruiru na Thika

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili wa hisabati aliyepanga chumba Kihunguro, au kule Juja karibu na Geti C, ambaye msimamizi wake amemrudishia tasnifu ikiwa na maneno manne ya kalamu nyekundu: "Mchango mpya uko wapi?" Utamfaa pia mhadhiri anayesaka cheo, kwa kuwa tangu 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina vigezo vinavyogeuza makala za majarida kuwa pointi, na pointi zikitosha hugeuka mshahara. Wengine someni tu. Hakuna mtihani mwishoni.

Mchango mpya upo, tena tele. Hauhitaji maabara, ufadhili wala kipaji. Unahitaji kiti cha dirishani kwenye matatu ya 237, daftari, na moyo mgumu. Uwanja wetu ni nadharia za nukta tuli, zile zinazosema kwamba ukiwa na kanuni inayohamisha vitu kutoka mahali hadi mahali, na kanuni hiyo ikiwa na tabia fulani, lazima kiwepo kitu kimoja isichokihamisha. Ni uwanja uliobarikiwa. Makala zake ni nyingi ajabu na wasomaji wake ni wachache, kwa hiyo uwezekano wa mtu kukusoma hadi mwisho ni mdogo.

Anza kwa kumjua babu, maana kila nadharia utakayoiandika itakuwa mjukuu wake, upende usipende. Babu ni Stefan Banach, aliyewasilisha tasnifu yake ya udaktari mwaka 1920 mjini Lwów, ambao leo ni Lviv ya Ukraine, na kuichapisha kwa Kifaransa mwaka 1922. Alijenga juu ya kiwanja kilichopimwa na Maurice Fréchet huko Ufaransa mwaka 1906. Fréchet aliorodhesha masharti ambayo kitu lazima kiyatimize ndipo kiitwe umbali. Kutoka mahali hadi hapo hapo ni sifuri. Kati ya mahali pawili tofauti ni zaidi ya sifuri. Kwenda ni sawa na kurudi. Halafu lile sharti la pembetatu: ukipitia mahali pa tatu, huwezi kuambulia njia fupi kuliko ile ya moja kwa moja. Kitu kilichotimiza hayo huitwa nafasi ya metriki.

Banach akadai mambo mawili tu zaidi. Nafasi iwe kamili, yaani hatua zinazozidi kukaribiana zisiishie kwenye shimo. Na kanuni iwe ya kubana: ikishahamisha nukta zozote mbili, umbali kati yake upungue kwa kiwango kilichowekwa, tuseme usizidi nusu ya ulivyokuwa, kila mara bila msamaha. Yakitimia hayo, nukta tuli ipo, ni moja tu, na utaifikia popote utakapoanzia, mradi urudierudie kanuni bila kuchoka. Émile Picard alikuwa akirudiarudia hivyo kwenye milinganyo yake tangu 1890. Banach alieleza kwa nini kazi hiyo hufaulu.

Watu wa Ruiru wanapaswa kuielewa nadharia hii kuliko watu wa Lwów, kwa sababu wao wamenunua ploti. Chukua ramani ya eneo letu ya kipimo cha 1:50,000, inayoonyesha Ruiru, Juja, Thika na mashamba ya kahawa yaliyogeuka vyumba vya kupanga. Itandaze chini popote ndani ya eneo inaloonyesha, hata kama ni kinyume, kaskazini ikitazama Machakos. Banach anakuhakikishia kwamba kwenye karatasi ile kuna nukta moja iliyolala sawasawa juu ya mahali inapopaonyesha. Anakuhakikishia pia kwamba ni moja tu. Kwingine kote ramani na ardhi havikubaliani. Waliolipa amana kwa makampuni ya kuuza ardhi walikuwa wameligundua hilo bila kusoma Kifaransa.

Na kasi yake! Anza popote, tuseme stesheni ya reli ya Ruiru. Itafute stesheni kwenye ramani, kisha tazama ni udongo gani uko chini ya alama hiyo. Utafute udongo huo kwenye ramani, tazama tena chini yake. Kama ulikuwa umekosea kwa kilomita 50 mwanzoni, baada ya hatua ya kwanza kosa halizidi mita moja. Baada ya hatua ya pili halizidi milimita 0.02, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Masoroveya wangekuwa na kasi hiyo, mahakama ya ardhi pale Thika ingefunga kazi kabla ya chakula cha mchana.

Hiyo ndiyo nadharia. Ni fupi, ni ya kweli, na imekwisha kuandikwa, na hapo ndipo penye shida yako.

Sasa vunja sharti moja. Msomi wa kawaida huvunja ovyo. Wewe utavunja kwa ushahidi, kwa sababu Barabara Kuu ya Thika imekwisha kuyavunja yote kwa niaba yako. Twende nayo.

Kwenda ni sawa na kurudi? Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi barabara hiyo Novemba 2012, takriban kilomita 50 zilizogharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, na hata kwa upana ule wote haikuweza kuufanya umbali wa Ruiru hadi mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi ulingane na wa mjini hadi Ruiru saa ile ile. Umbali usiojali ulinganifu ulishughulikiwa na W. A. Wilson mwaka 1931. Umechelewa, lakini usihuzunike. Ongeza tu herufi ya Kigiriki mbele ya jina.

Kutoka mahali hadi hapo hapo ni sifuri? Panda matatu stegi ya Thika ukiwa abiria wa pili. Utasafiri kutoka stegi hadi stegi hiyo hiyo kwa muda wa nusu saa, injini ikinguruma, kondakta akiapa kwamba amebakisha mmoja tu. Steve Matthews aliruhusu umbali wa namna hiyo mwaka 1994. Yeye alikuwa na sababu: alitaka kupima programu za kompyuta ambazo bado hazijamaliza kutoa jibu, na kitu kisichokamilika hakina budi kuwa mbali kidogo na nafsi yake. Wewe huhitaji sababu.

Sharti la pembetatu? Tuseme Ruiru hadi Juja ni shilingi 50, Juja hadi Thika ni 50, na siku ya mvua Ruiru hadi Thika moja kwa moja ni 120. Fréchet angeshuka kwa hasira. Lakini Bakhtin mwaka 1989, na Czerwik baada yake mwaka 1993, walisema tulia, zidisha upande wa pili kwa namba fulani, hapa 1.2, na amani itarejea. Zinaitwa nafasi za b-metriki, na waandishi wa makala wamezipenda kwa moyo wao wote.

Ukichoka kuvunja masharti, badilisha kinachopimwa. Umbali usiwe namba moja, uwe rundo: shilingi, dakika, na idadi ya matusi ya kondakta, vyote pamoja. Huang na Zhang walizifufua nafasi za namna hii mwaka 2007 kwa jina la metriki za koni, na makala zikamiminika. Wazo lenyewe Đuro Kurepa wa Yugoslavia alikuwa nalo tangu miaka ya 1930. Kisha mwaka 2010 Wei-Shih Du akaonyesha kwamba ukilikamua rundo hilo likawa namba moja kwa njia nzuri, nadharia ya Banach ya kwenye koni inageuka kuwa ile ile ya babu. Funzo kwa mwanagenzi: chapisha kabla ya Du wako hajaamka.

Au pima mahali patatu kwa pamoja. Gähler alianza mwaka 1963 kwa kitu kinachofanana na eneo la pembetatu, ambacho kwa Ruiru, Juja na Thika ni kidogo, kwa kuwa miji hiyo imekaa karibu kwenye mstari mmoja. Baadaye Dhage akaleta D-metriki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mustafa na Sims wakaonyesha kwamba madai mengi ya msingi kuhusu D-metriki hayasimami, na mwaka 2006 wakaleta G-metriki yao. Ndivyo inavyotakiwa: bomoa nyumba ya jirani asubuhi, jioni ujenge yako kwenye ploti ile ile. Mwaka 2012 Jleli na Samet wakaja na tingatinga lao, wakaonyesha kwamba nadharia nyingi za G-metriki hutokana moja kwa moja na zile za metriki za kawaida.

Lakini kito cha mwongozo huu ni Alberto Branciari, na makala yake ya mwaka 2000 katika jarida la hisabati la Debrecen, Hungaria. Branciari aliliondoa kabisa sharti la pembetatu akaweka la pembenne. Safari ya moja kwa moja hailinganishwi tena na safari ya kituo kimoja. Inalinganishwa na ya vituo viwili tofauti. Ukitoka Ruiru hadi Thika kupitia Juja peke yake, sheria imelala. Ukipitia Juja kisha Witeithie, sheria inaamka. Nafasi za namna hii ndizo alizozipa jina zito la nafasi za metriki za jumla.

Badiliko linaonekana dogo. Hebu tutunge kaunti tuone. Kuna Ruiru na kuna Thika, na umbali kati yake ni 1. Kuna matatu zisizo na mwisho, zimepewa namba. Ya pili iko umbali wa nusu kutoka Ruiru na nusu kutoka Thika. Ya kumi iko sehemu ya kumi kutoka kila mji. Ya elfu, sehemu ya elfu. Na matatu zozote mbili ziko umbali wa 1 kati yake. Sharti la pembetatu lingepiga kelele papo hapo: ukipitia matatu ya elfu, ungetoka Ruiru hadi Thika kwa sehemu mbili za elfu, ilhali safari yenyewe ni 1 nzima. Sharti la pembenne halishtuki, kwa sababu lazima uguse vituo viwili, na ukitoka matatu moja kuingia nyingine umekwisha kulipa 1. Kagua hali zote zilizobaki kwa kalamu, zinatimia. Sasa tazama kilichotokea. Msafara huu wa matatu unaikaribia Ruiru kadiri utakavyo, na wakati huo huo unaikaribia Thika kadiri utakavyo, na hakuna matatu hata moja inayoikaribia mwenzake. Kondakta anayeita "Ruiru! Thika! Ruiru! Thika!" huku gari lake halijulikani linaelekea wapi, kumbe amesema kweli kihisabati.

Mfano huo, bila matatu, ulitolewa na Sarma, Rao na Rao mwaka 2009. Branciari alikuwa amechukulia kwamba mfuatano hauwezi kuwa na vikomo viwili, jambo ambalo katika nafasi ya kawaida halina mjadala. Nadharia yake iliokolewa baadaye kwa uthibitisho mwingine: kanuni ya kubana katika nafasi hizo, zikiwa kamili, kweli ina nukta tuli moja. Lakini hesabu neema zilizopatikana njiani. Zilikuja makala za kuonyesha ufa, makala za kuziba ufa, na makala za kulegeza masharti ya kuziba ufa. Kwa hiyo ukijenga nafasi yako mpya, acha ufa kidogo. Wenzako nao wana karo za kulipa.

Umeshapata nafasi. Bado kanuni ya kubana, na hapa utajiri umezidi. R. Kannan aliandika mwaka 1968, katika jarida la jumuiya ya hisabati ya Calcutta, kwamba si lazima ulinganishe umbali mpya wa nukta mbili na umbali wake wa zamani. Unaweza kuulinganisha na jumla ya mwendo ambao kila moja imesogezwa, mradi usifikie nusu yake. Mwaka 1972 Chatterjea akavuka njia: nukta ya kwanza na mahali pa ya pili, ya pili na mahali pa ya kwanza. Mwaka 1974 Ćirić akachukua umbali wote wa aina tano unaopatikana na kusema shika ule mkubwa kuliko wote. Kufikia 1977 B. E. Rhoades aliona heri akae chini azilinganishe aina zote, akajikuta na zaidi ya mia.

Wewe fanya hesabu ya duka. Kutokana na aina hizo tano za umbali unaweza kuunda vikundi 31 vya kutumia. Nafasi tulizozitaja zinazouzika leo ni sita: isiyo na ulinganifu, ya Matthews, ya b, ya koni, ya G na ya Branciari. Makala 186. Ukizioanisha nafasi hizo mbili mbili, ndoa 15, unapata nyingine 465. Uprofesa umepatikana na bado hujafika Witeithie.

Uthibitisho usikusumbue. Chukua nukta yoyote, rudia kanuni, onyesha hatua zinapungua, onyesha zinakaribiana, sema nafasi ni kamili, sema kikomo ndicho nukta tuli, kisha chukulia ziko mbili na upate mgongano. Banach alifanya hivyo. Nawe utafanya hivyo kwa alama nyingi zaidi.

Mhakiki atataka mfano. Mpe namba kuanzia 0 hadi 1, na kanuni ya kugawanya kwa nne. Nukta tuli ni 0. Ndiyo, Banach angeipata bila msaada wako, na mtoto wa darasa la saba pia, lakini mhakiki ameomba mfano, hakuomba mfano unaoihitaji nadharia yako. Akitaka matumizi, mpe mlinganyo wa intigrali. Si lazima uubuni: maneno "matumizi yake katika milinganyo ya intigrali" yamo kwenye kichwa cha tasnifu ya Banach yenyewe.

Kichwa cha makala kiwe na angalau sifa nne za nafasi na mbili za kanuni. Kuhusu jarida, lile linalokuandikia barua pepe kukusifu kabla hujaandika chochote huwa na haraka ya kukubali na orodha ya ada kwa dola.

Onyo moja kabla hujashuka. Jihadhari na watu waliokuwa na sababu, maana watakuharibia biashara. Matthews alikuwa na kompyuta mbele yake. Kannan alipata kanuni ambazo hazihitaji hata kuwa endelevu, yaani zinaweza kuruka ghafla, na mwaka 1975 Subrahmanyam akaonyesha kwamba zinafanya kitu ambacho zile za Banach haziwezi: kama kila kanuni ya Kannan katika nafasi fulani ina nukta tuli, basi nafasi hiyo ni kamili. Brin na Page, walipoeleza mwaka 1998 jinsi Google inavyopanga kurasa, walikuwa na hesabu inayobana kosa kila mzunguko lisizidi asilimia 85 ya lilivyokuwa. Nukta tuli ndiyo mpangilio uliowatajirisha, na nafasi waliyoitumia ni ya kawaida kabisa. Marehemu Charles Chidume wa Nigeria aliutumia uhai wake wa kisomi kuuliza ni kwa njia gani hasa utaifikia nukta tuli pale ambapo kurudiarudia kwa Banach kunakwama. Swali la namna hiyo ni gumu, linakula miaka, na halitoi makala 186. Wapo wanaoliuliza hata hapa jirani, ndani ya Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja, ambako Chuo Kikuu cha Afrika Nzima kimeweka taasisi yake ya sayansi na kufundisha hisabati hadi udaktari. Ukiwaona kwenye stegi, usikae karibu nao. Wanaweza kukuuliza nafasi yako mpya ina kitu gani ndani.

Hasa usiwaulize kuhusu Barabara ya Thika. Nauli zisizolingana, dakika za kusubiri stegini, foleni ya asubuhi na mpangilio wa taa ni umbali wa kweli unaovunja masharti ya kweli, na mtu akizipima kwa miezi kadhaa anaweza kugundua kanuni inayohitaji nafasi mpya, badala ya nafasi mpya inayotafuta kanuni. Hapo atakuwa amepata mchango mpya kwa njia halali, na msimamizi wake hatajua la kuandika kwa kalamu nyekundu.

Kama matatu haijajaa bado, jaribu nadharia ya babu bure. Fungua kikokotoo cha simu, kiweke kwenye radiani, andika namba yoyote, kisha bonyeza kosaini, bonyeza tena, endelea. Ukifika mara 40 hivi utaona 0.739085, na tarakimu hizo hazitabadilika tena hata ukibonyeza hadi Thika. Jirani yako wa kiti akianza na namba nyingine, atafika hapo hapo.